Kingo za boila hazikutani na magurudumu yanakwama

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naunda kwa karatasi kichwa cha treni ya mvuke cha Kijerumani, aina ya 52, kwa skeli ya 1:25. Niliona ganda la boila ni laini mno, nikalibandikia karatasi nyingine kwa ndani. Sasa kingo zake zimeachana kama milimita moja na nusu, na mbavu za ndani (vile visahani vya kadibodi vinavyoshikilia ganda) zinajichora juu. Magurudumu nayo yanazunguka vizuri, ila nikishayafunga fito za kuyaunganisha yanakwama. Nichapishe upya boila kubwa kidogo?

JIBU: Usichapishe. Ukilikuza ganda, mistari ya ribiti (vichwa vya misumari ya mabati) na matundu ya domu (kile kibonge cha juu ya boila) hayatalingana tena na vipande vingine, na utakuwa umehamisha tatizo tu.

Kwa pengo ulilolitaja, karatasi uliyoongeza ina unene wa robo milimita hivi. Unene huo umeingia pande zote mbili za duara, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka nusu milimita. Zidisha kwa 3.14, unapata milimita 1.57, na hilo ndilo pengo lako. Wala ukubwa wa boila hauhusiki: hata ungekuwa unaviringisha bomba la moshi, karatasi hiyo hiyo ingekupa pengo lile lile. Aliyechora kiolezo alihesabu ganda moja. Wewe umeweka mawili.

Kwa hiyo cha kupunguza ni mbavu. Zisugue kwa msasa kuzunguka ukingo wote mpaka zipungue robo milimita, ukipima kwa rula kila mara. Mbavu za katikati zisugue zaidi kidogo kuliko za mwisho. Kisha acha kupaka gundi kwenye kila ubavu. Gundi nyeupe ina maji. Karatasi hulowa, ikikauka hujivuta, na boila hubaki na mbavu kama mbwa mwenye njaa. Gundisha mbavu mbili za mwisho, na hizo za katikati ziguse chini tu, mahali ambapo fremu itaficha kila kitu.

Ganda la ndani lenyewe ni wazo zuri, mimi nalipenda. Ila libandike likiwa tayari limeviringwa. Karatasi mbili zilizogundishwa zikiwa bapa hufanya makunyanzi kwa ndani unapozikunja. Kiungo cha ndani kisikae chini ya kiungo cha nje. Na angalia nyuzi za karatasi: kunja karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, upande unaokunjika bila ubishi ndio uzunguke boila.

Tuje kwenye magurudumu. Ondoa fito za upande mmoja, usukume kichwa. Yakizunguka, basi pini za kushoto na za kulia, yaani vijiti vya magurudumu vinavyoshika fito, hazijapishana sawa. Injini hii ina silinda mbili, kwa hiyo upande mmoja hutangulia mwingine kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90, katika ekseli zote tano. Kinachokwamisha hasa ni ekseli moja kuwa na 90 na jirani yake 85.

Yakikwama hata kwa fito za upande mmoja, tafuta kosa kwenye matundu. Gurudumu halisi lina kipenyo cha milimita 1400, kwako ni 56. Pistoni husafiri milimita 660, hivyo pini inakaa nusu yake, milimita 330, kutoka katikati ya gurudumu. Kwako ni 13.2. Ikiwa pini moja iko 13.2 na nyingine 13.6, hakuna mafuta wala maombi yatakayoyazungusha. Kata kipande cha bati chenye matundu mawili kwa umbali huo, ukitumie kama kigezo kwa magurudumu yote kumi.

Umbali kati ya ekseli nao usiupime mara mbili. Panga fremu zote mbili na fito zote pamoja kama mkate wa tabaka, zibane, kisha toboa kwa mpigo mmoja... hapana budi fito ziwe bado kadibodi pana, hazijachongwa umbo. Baada ya kuzichonga, lowesha matundu kwa supaglu nyepesi, subiri yawe magumu, yapitishie keekee upya. Tundu la fito liwe kubwa kuliko pini kwa sehemu mbili za kumi za milimita. Jicho halitaona, lakini magurudumu yatashukuru.

Supaglu hiyo hiyo ndiyo dawa ya spoki zinazolegea: kata nafasi kwanza, lowesha, kisha nyoosha kwa tupa ndogo. Ipake kabla ya kubandika uso uliochapishwa, kwa sababu huacha madoa meusi kwenye rangi, na fungua dirisha, mvuke wake unachoma macho. Kingo nyeupe za kadibodi zipake rangi kabla ya kuunganisha. Aina ya 52 ni nyeusi karibu yote, na ukingo mmoja mweupe kati ya spoki unaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.