Konda, nishushe Mwalenjwa

SWALI: Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mashine 30 nimeziwasha kupitia mtandao: kila moja inaomba anwani ya mtandao kwa DHCP, inavuta faili la kuwashia kwa TFTP (njia ya kuhamisha mafaili), kisha inafuata faili la Kickstart, lenye majibu niliyoyaandika mapema ya jinsi ya kuweka mfumo endeshi (programu kuu ya kompyuta), mpaka mwisho bila mtu kugusa kibodi. Kwenye ripoti nikaandika "kompyuta 30 zimejisanikisha zenyewe". Mkuu wangu anasema ni "zimejisakinisha". Nani amepatia?

JIBU: Hakuna. Ila mkuu wako amekosea mara moja, wewe mara mbili, na hilo kosa lako la ziada nimelivizia siku nyingi.

"Kusanikisha" shina lake nini? Sanika? Nani amewahi kusanika, na alipona? Neno ni kusakinisha, kutoka sakini, yaani kaa mahali; asili yake Kiarabu, ndugu yake maskani. Kuna mtu ulimi ulimteleza, k na n zikabadilishana viti, na leo nalikuta kwenye miongozo, kwenye vipeperushi, na juzi kwenye kibao cha duka la simu, kwa rangi nyekundu. Haya, panda daladala mjini, umwambie konda akushushe Mwalenjwa. Herufi zote za Mwanjelwa, mtaa wetu wa hapa Mbeya, zimo, haijapotea hata moja! Konda atakutazama, atagonga bodi, na utashtukia uko Uyole, ukungu umekuzingira, nauli ya kurudia huna. Nikisema hivi naambiwa "tumeshazoea". Hata lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, tuliizoea, na mkulima wa viazi akazidi kuumia.

Sasa kosa lenu wote wawili. Kusakinisha ni kumfanya mtu akae. Anayekaa ni mfumo endeshi, kompyuta ni nyumba tu, na sijaona nyumba iliyojipangisha ndani yake yenyewe. Kwa hiyo mfumo umesakinishwa, kompyuta zimesakinishiwa. Na hilo "zenyewe" lifute. Lugha, saa za eneo, diski igawanywe vipi, nenosiri la root (mtumiaji mkuu wa mashine): maswali ambayo kila mashine ingekuuliza, mara 30, umeyajibu mara moja kwenye faili lako. Kazi umefanya wewe, sifa unayapa masanduku!

Andika: "Kompyuta 30 zimesakinishiwa mfumo endeshi kupitia mtandao, bila mtu kukaa nazo." Usiandike "bila msimamizi", mkuu atataka kujua ulikuwa wapi.

Najua vijana wa mtaani hawasemi lolote kati ya haya, wao "wanapiga Windows". Hao nimewaacha. Kiswahili kilishapiga pasi, kikapiga deki, kikapiga mswaki, na mpaka leo hakuna kijana aliyeniambia amepiga Winwods.