Mvue Fulana, Umhesabu Pumzi

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Mwanangu ana miezi mitatu, mafua siku ya tatu, nimpe amoksilini?" Mikono ilinitetemeka. Swali hilohilo niliuliza mimi mwaka juzi, nikajibiwa ndiyo.

Wangu alikuwa na miezi minne. Mafua, kikohozi kidogo, joto la kawaida. Zahanati wakatupa dawa ya maji bila hata kumfunua kifua, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiku wa tatu akawa anashika titi, ananyonya mara mbili, anaachia, analia sauti haitoki. Nilipompandisha fulana nimpake mafuta ndipo nikaona: kila akivuta pumzi, ngozi chini ya mbavu inabonyea ndani, pua zinatanuka.

Hospitali walimfunga kipimo kwenye kidole cha mguu, oksijeni ya damu ikasoma asilimia 84, chini mno. Tukapelekwa ICU ya watoto, wodi ya walio mahututi. Daktari akasema ni virusi vya RSV. Kwetu wakubwa ni mafua tu. Kwa kichanga vinavimbisha vijia vidogo vya hewa, makamasi yanavijaza. Amoksilini ni antibiotiki, dawa ya bakteria, haiui virusi. Anasaidiwa kupumua na kupata maziwa hadi mwili ushinde. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya maji, mrija umezama ndani, mapovu yanabubujika. Muuguzi alinieleza kwamba hayo mapovu yanaonyesha hewa inasukumwa mapafu yasifunge. Siku sita nilikamua maziwa yapitishwe kwenye mpira wa puani, macho kwenye chupa ile. Mapovu yakipungua tu, naita muuguzi.

Sasa anakimbia uani. Nami nimekuwa mama wa kufunua vifua vya watoto wa mtaa mzima, wala sioni aibu.

Mama wenzangu, tuache kusubiri joto lipande! Mtoto akiwa ametulia, mhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, usihesabu, kimbia hospitali. Na usitoke kwa mhudumu kabla hajamfunua mtoto. Sema, "Naomba umtazame kifua." Wakuone mjuaji, sawa. Mwenye mafua naye asimbusu kichanga, hata akiwa mama mkwe.

Dada yangu, mpaka wa wako ni 50. Mvue fulana sasa hivi. Zikifika hapo, usinijibu kwanza, ita bajaji.