Muulize Shangazi: Kikapu kinachopika, birika la Dodoma na maharage yaliyobunguliwa

Shikamoo Shangazi. Naishi Mbagala na mume na watoto watatu. Mkaa unanimaliza. Kila nikibandika maharage kopo zima linateketea, na bado mengine yanabaki magumu. Jirani ananiambia kuna kikapu kinachopika bila moto. Ni kweli, au ananitania? Mume wangu anasema huo ni uvivu tu.

Marahaba mwanangu. Jirani hakutanii, ila amekupa nusu ya habari. Kikapu hakina moto wa kwake. Kinatunza joto ambalo umeshalilipia. Sufuria ikishachemka, mkaa mwingi unaoendelea kuungua kazi yake ni kufidia joto linalotorokea ubavuni na kwenye mfuniko. Lizuie lisitoke, maharage yataendelea kuiva. Si jambo geni: Vita vya Pili vya Dunia vilipofanya nishati kuwa adimu, akina mama wa Uingereza walipikia kwenye masanduku yaliyoshindiliwa nyasi kavu.

Usinunue cha dukani kabla hujajaribu cha kwako. Tafuta tenga au boksi gumu ambalo sufuria yako ikiingia inabakiza nafasi ya upana wa kiganja kila upande, na chini vilevile. Shindilia humo blanketi kuukuu, sufi ya mto uliochoka, matambara, au nyasi zilizokauka kabisa. Acha shimo la umbo la sufuria, ulitandike kanga ya zamani. Kisha shona mto mnene wa kuziba juu. Huo mto ndio watu wanaufanyia ubahili, halafu wanalalamika kikapu hakifanyi kazi! Joto hupanda. Ukiweka kitambaa chepesi juu, umejenga nyumba bila paa.

Sasa maharage. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemshe kwa nguvu dakika 15 hadi 20, na hapa usinifanyie haraka. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Joto la wastani haliiwezi. Anayeyaweka kikapuni yakiwa vuguvugu anatafuta kutapikisha watoto. Yakishachemka sawasawa, funika vizuri, futa masizi, hakikisha hakuna kaa la moto lililonata chini ya sufuria, tumbukiza kikapuni, ziba. Kwa muda wa saa nne usiguse. Kila ukifunua kuchungulia unalitoa nje joto lote, na jiko umeshalizima.

Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena, kisha ndipo uweke kitunguu, nyanya na tui. Tui lisilale kikapuni. Linachacha upesi chakula kikianza kupoa. Kwa sababu hiyohiyo usiache sufuria humo kutwa nzima. Kikapu kinapenda sufuria iliyojaa, angalau theluthi mbili, kwa hiyo usikisumbue kwa vikombe viwili vya maharage ya mtu mmoja. Wali nao unafaa, ila punguza maji kidogo maana hayapotei kwa mvuke.

Na magadi? Najua utaniuliza. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na ladha yanaiacha kama sabuni. Ukiloweka, huyahitaji.

Kuhusu mumeo: mpe kazi ya kununua mkaa mwezi ujao, kwa pesa ya mfukoni mwake. Nadhani suala la uvivu litaisha hapo.

Shangazi, mimi ni kijana naishi peke yangu Dodoma. Birika langu la umeme limefanya ukoko mweupe ndani na siku hizi linachelewa kuchemsha. Nimesugua na steelwire bila mafanikio. Ninunue jingine?

Usinunue, na hiyo steelwire iweke mbali. Ukoko huo ni chokaa ya maji yenu, na chokaa huyeyushwa na kitu kichachu, yaani chenye asidi. Kamulia ndimu au malimao matatu manne, ongeza maji mpaka ukoko ufunikwe, chemsha, zima, uache saa moja. Mwaga. Ukibaki, rudia. Kisha chemsha maji matupu na kuyamwaga, ili chai ya kwanza isiwe na ukakasi. Siki nyeupe inafanya kazi ileile, lakini ndimu zikiwa za msimu ni rahisi zaidi na jikoni hapanuki.

Neno moja, kwa kuwa vijana mnapenda kuchanganya dawa: siki au ndimu isikutane na dawa ya madoa yenye klorini. Inatoa gesi inayochoma kifua. Na dawa ya chooni yenye asidi ni hivyohivyo.

Nilinunua gunia la maharage wakati wa mavuno kwa bei nzuri. Sasa yanabunguliwa, yametoboka matundu matundu. Nimeambiwa ninyunyize dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Nifanyeje? — Msomaji wa Mbeya

Dawa ya shambani hapana, dada yangu. Hicho ni chakula.

Fukusi hao mara nyingi umewaleta mwenyewe kutoka shambani, wakiwa mayai kwenye punje. Chekecha kwanza, uyatenge yaliyotoboka. Mengine yatandaze kwa unene mdogo juu ya turubai jeusi, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, bana kingo kwa mawe, uache jua kali la mchana lifanye kazi. Joto linaua mayai na wadudu pamoja. Ya mbegu usiyaweke humo, yanaweza yasiote.

Yakishapoa kabisa, jaza kwenye madumu yaliyo safi na makavu, hadi shingoni, yatikise ujazie tena, funga mfuniko kwa nguvu. Wadudu waliobaki humaliza hewa iliyomo, wakafa. Dumu nusu halina maana, lina hewa ya kuwatosha. Ndiyo kazi inayofanywa na ile mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kama una gunia zima, mfuko mmoja utakusumbua kidogo kuliko msururu wa madumu. Anza kula yaliyokaa muda mrefu zaidi, maana maharage yakizeeka yanakuwa sugu kuiva, na hapo mkaa wa Mbagala utakuhusu na wewe.

Shangazi, ni kweli kanga mpya ikilowekwa kwenye chumvi haichuji?

Si kweli. Chumvi husaidia kiwandani wakati baadhi ya rangi zinaingizwa kwenye kitambaa. Kwako nyumbani imeshachelewa. Ifue peke yake mara chache za mwanzo, maji ya baridi, sabuni kidogo, ianike kivulini ikiwa imegeuzwa. Chumvi tia kwenye mchuzi.