Bisheni baharini, si pwani

Juzi nimekaa chini ya mkungu na kikombe changu cha kahawa, nawatazama vijana wanamzonga mpimaji wa ngalawa za resi. Mmoja kaja na mirengu, yale magogo ya pembeni yanayoizuia ngalawa isipinduke, ya bomba la plastiki badala ya mti, na anapiga kelele, "Kwani kanuni imekataza wapi?" Nikacheka peke yangu, kisha roho ikaniuma. Kelele zile nazijua, nimezipiga mimi pwani hii hii ya Nungwi, nikiwa na akili kama zake.

Haya, nyie mnaoanza resi za ngalawa, kaeni.

1. Tanga lipimeni tena likisha lowa. Kitambaa cha merikani hurudi, kinapungua.

2. Deheni, mafuta ya kupaka chombo chini, ipakwe mapema ikauke. Si asubuhi ya resi, mkaja mikono imejaa mafuta mnateleza na kamba.

3. Ulizeni kabla hamjashika tezo.

Hapa nitakawia. Mwaka wetu ule kusi lilikuwa kali, na kamati ikaamrisha kila ngalawa ibebe madumu sita ya maji, lita 20 kila moja, yawe farumi, uzito wa kutuliza chombo. Mwisho wa resi madumu yanahesabiwa. Mimi usiku nalala naisoma kanuni kichwani: madumu sita. Haikusema mwisho yawe na kitu ndani! Tukienda joshi, upepo usoni, tunabisha huku na huku na uzito wetu, ngalawa imetulia. Tukishazunguka boya, maji tunayamwaga, tunarudi upepo mgongoni wepesi kama kifuu.

Mjomba ndiye nahodha. Akaniuliza mara moja tu, "Kamati wanajua?" Nikamjibu, "Nishasema nao, mjomba."

Sijasema na mtu. Niliogopa nikiuliza wataziba tundu, au wenzetu wataiga.

Tulizunguka boya wa tatu, tukafika pwani wa kwanza. Watu wanapiga vigelegele, mimi nishaanza kugawa zawadi moyoni. Mpimaji akaja pole pole, suruali kaikunja magotini. Akalitia kidole dumu la kwanza kwenye mpini, likanyanyuka. La pili hivyo hivyo. Alipofika la nne, watoto washaanza kucheka. Nikabisha, wallahi nilibisha: kanuni imetaja madumu, haikutaja maji, kanuni imeandikwa na nyie wenyewe! Mjomba akanigeukia, hata sauti hakupandisha.

"Si ulisema nao?"

Kijiji kizima kinasikia. Hakunigombeza. Alivua kofia yake, akaikung'uta mchanga usiokuwepo, akaenda zake nyumbani. Ushindi ukafutwa. Msimu ule wote demani, kamba ya tanga, sikuishika; kazi yangu ikawa kubeba makasia na kukomba maji. Na watu wakawa wanamuuliza yeye, si mimi, kama maji ya kisimani kwake bado yapo.

Miaka baadaye, kwenye kibanda cha televisheni, ndiyo nikajua kwamba nilichelewa kuvumbua. Resi za magari za Formula One, Brazil mwaka 1982, gari za timu za Brabham na Williams zilibeba tangi la maji, ati ya kupoza breki. Maji yanamwagwa njiani, gari linakimbia chini ya uzito wa kanuni, kilo 580, kisha tangi linajazwa tena kabla ya mizani, kwa kuwa kanuni iliruhusu kuongeza vimiminika. Nelson Piquet wa Brabham akawa wa kwanza, Keke Rosberg wa Williams wa pili, timu za Renault na Ferrari zikalalamika, Piquet na Rosberg wakafutwa na ushindi akapewa Alain Prost wa Renault. Timu nyingi zikasusa resi ya San Marino, zikaanza gari 14 tu. Sijui kama nilifarijika. Wale angalau walikumbuka kujaza tena. Mimi nilifika na madumu matupu.

Na msiniambie ukiuliza wazo linakufa. Ross Brawn, bosi wa timu kwenye resi hizo hizo za magari, mwenyewe amesimulia kwamba mwaka 2008 aliwaambia wenzake wa timu nyingine kanuni mpya zina mianya, zikazwe. Hawakutaka. Mwaka 2009 akaja na difyuza ya ghorofa mbili, ule mdomo wa chini nyuma ya gari unaolivuta lishike njia. Wakalalamika, mahakama ya rufaa ikasema ni halali, na dereva wake Jenson Button akashinda resi sita katika saba za mwanzo. Huyo kasema mbele za watu, kisha kaunda. Mimi niliunda, kisha nikamdanganya mjomba.

4. Mpimaji mpelekeeni kahawa kabla ya resi. Baada ya resi inaitwa jina jingine.

5. Nilikuwa na la tano, limenitoka. Lilihusu mlingoti.

Yule wa bomba nimemwita pembeni. Nimemwambia mirengu yake mizuri, nami naipenda, aichukue kesho alfajiri tukamwonyeshe mpimaji pamoja, kabla ya resi ijayo. Kaitikia kwa adabu zote. Tumetembea kidogo, akasimama.

"Ami, na humo ndani ya bomba tukitia maji?"