Chupa ya Chai ya Baba

Mmeuliza wiki hii: je, baba aliye ughaibuni aweza kulea kwa simu? Nilikaa kuandika hapana. Lakini kwetu baba alianza kuondoka kabla hajapanda ndege.

Alikuwa na malori mawili ya makontena, bandari ya Kilindini, Mombasa, hadi Malaba, mpaka Kampala. Wiki mbili njiani hatukuziita kuondoka. Mwaka 2018 treni ya mizigo ya SGR ikaanza kupeleka makontena Embakasi, Nairobi, na lori la kwanza likalala yadi ya Miritini hadi likauzwa kwa bei ya kutupa. 2019 watu wakaandamana kila Jumatatu kupinga makontena kulazimishwa kwenye treni. Baba alikwenda mara mbili. Ya tatu akabaki nyumbani na karatasi za deni.

Siku ya kuuza lori la pili nilikuwa na miaka 13. Dalali na mnunuzi walilizunguka wakigonga tairi. Baba akapanda kwenye kebini peke yake. Alikunja blanketi pembe kwa pembe, akatungua tasbihi kwenye kioo, akaupangusa usukani kwa kiganja, polepole, mzunguko mzima. Utingo wake, tuliyemwita ami, alikaa juu ya tairi la akiba, kimya. Mwisho baba akanipa chupa ya chai, ile nyekundu iliyobonyea ubavuni. Ndani mlikuwa na chai ya tangawizi, bado ya moto. "Mpelekee mamako." Hakunitazama. Niliipakata kwenye matatu hadi nyumbani.

Baada ya miezi mitatu akaenda Doha kuendesha basi. Karo ililetwa kwa wakati, hilo silikani. Lakini aliyekesha nami nikiwa na malaria ni mama, na aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri, akayauza na chai ya chupa hiyohiyo, ni mama.

Kila Ijumaa baba huuliza: "Chupa bado yashika moto?" Miaka yote iliniudhi, kwamba haniulizi mimi. Ijumaa iliyopita nilimwambia kizibo kimelegea. Akanielekeza nikizungushie uzi, nikaze, nipime tena. Nusu saa nzima, asichoke, nami sikutaka akate.

Basi labda yawezekana, kwa mtoto aliyewahi kupakiwa kwenye lori lile. Mdogo wangu wa kike aliachwa na miezi minne. Yeye humwita baba "mtu wa simu", na kwake jibu langu ni lilelile nililokuja nalo.