Kugeuza Vekta Si Kubadili Alama Moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa: amechora umbo la vipimo vitatu kwa OpenGL (maktaba ya programu ya kuchorea picha za kompyuta), nusu ya pembetatu zake hazionekani, naye amekwisha kugeuza alama ya z kwenye kila kipeo, yaani kona ya pembetatu, bila mafanikio. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu kosa hilo ndilo lililowahi kuniaibisha mbele ya wenzangu.

Nilitakiwa kugeuza vekta (2, -3, 6), yaani mshale wenye urefu na mwelekeo, ielekee kinyume kabisa. Nikaandika (2, -3, -6) kwa uhakika wote, nikijiambia kwamba iliyokuwa ikipanda sasa inashuka. Urefu wake ulibaki 7, na hilo ndilo lililonidanganya. Msimamizi wangu hakunieleza kosa. Alicheka, akampa mwingine kazi ile, na kicheko hicho bado kinaniuma. Usiku nilikokotoa zao la nukta la vekta hizo mbili (zidisha namba zinazolingana, kisha jumlisha): 4 + 9 - 36, yaani -23, ilhali vekta zinazopingana kabisa zingetoa -49. Pembe kati yake ilikuwa kama digrii 118, si 180. Nilikuwa nimeiakisi vekta kwenye bapa la xy, kama kwenye kioo. Kinyume chake halisi ni (-2, 3, -6).

Basi, ndugu msomaji, geuza alama zote tatu, kisha pima kwa zao la nukta. Usiridhike na urefu.

Mtego wa pili ulinisumbua zaidi. Vekta iliyo wima juu ya pembetatu hupatikana kwa zao mtambuka la kingo zake mbili, a na b: kuzidisha kunakoandikwa a × b na kutoa vekta iliyo wima kwa zote mbili. Niligeuza kingo zote mbili, na vekta ile haikutikisika, kwa kuwa alama hasi mbili zilifutana. Geuza ukingo mmoja tu, au ubadili mpangilio, maana b × a ni kinyume cha a × b. Katika orodha ya vipeo, hilo ni sawa na kubadilishana nafasi za vipeo viwili. OpenGL, isipoelekezwa vingine, huhesabu vipeo vinavyoonekana kufuatana kwa mzunguko wa kinyume cha saa kuwa upande wa mbele; na ikiamriwa kuficha pande za nyuma, pembetatu yenye mzunguko uliopinduka haionekani.

Ndiyo maana juhudi za msomaji wangu hazikuzaa matunda. Kugeuza z ya vipeo vyote huakisi umbo zima na kupindua mzunguko wa kila pembetatu, hivyo zilizoonekana zikafichika na zilizofichika zikatokea. Nilimjibu arudishe z kama ilivyokuwa, kisha abadilishane vipeo viwili katika zile pembetatu zilizopotea peke yake.