Je, mbwa wa Porcelaine atafaa nyumbani kwangu?

SWALI: Jirani yangu anahama na ameniomba nimchukue mbwa wake wa kuwinda, aina ya Porcelaine kutoka Ufaransa. Nina watoto wawili na kuku. Je, ni mkali? Anahitaji matunzo gani? – Msomaji, Lang'ata.

JIBU: Ukali si tabia yake. Porcelaine ni mpole nyumbani na kwa kawaida hupatana na watoto. Kinachosumbua ni pua yake. Alifugwa Franche-Comté, mashariki mwa Ufaransa, ili awinde sungura na paa kwa kufuata harufu akiwa kundini na wenzake, kwa hiyo akishaishika harufu hasikii tena akiitwa, hata uite mpaka sauti ikukauke. Ua wako uwe na seng'enge imara, na katika Msitu wa Karura atembee akiwa amefungwa kamba, kama kanuni za huko zinavyotaka. Kuku watengee banda lenye komeo.

Usimwache peke yake kutwa nzima, kwani huo kwake ni mateso, na majirani watamsikia akilia. Masikio yake marefu na membamba hufunika tundu la sikio: yainue kila wiki, uyanuse, na ukikuta harufu kali au uchafu wa rangi ya kahawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Manyoya yake ni mafupi na meupe, hivyo kupe huonekana upesi. Mpekue hasa katikati ya vidole kila mnapotoka matembezini.